Weupe Ni Kimo: Kuchonga Nakshi kwa Picha ya Kijivu

Mteja akitaka kichwa cha kiboko kwenye mlango wake wa mninga, mara nyingi atakutumia picha kwa WhatsApp: kiboko wa Mto Katuma, amepigwa kiangazi pale Ikuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mgongo umelowa na unang'aa juani. Picha inapendeza, lakini usiipeleke kwenye mashine kama ilivyo. Kompyuta itageuza mng'ao wa maji mgongoni kuwa kilima, uso uliokaa kivulini utazama kama shimo, na povu la pembeni litasimama juu kuliko pua. Bao litakuwa limeharibika, na mninga haupatikani tena kwa urahisi wa zamani, hata huku kwetu kwenye miombo.

Mwongozo huu ni wa fundi seremala wa Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe au Tanganyika mwenye mashine ya CNC ya mihimili mitatu, au anayejiandaa kuinunua, na ambaye tayari anakata herufi na maua bapa bila shida. Herufi hukatwa kwa kufuata mstari. Sura ya mnyama, uso wa mtu au jani lililojikunja havina mstari wa kufuata. Vina mabonde na vilima, na njia nyepesi ya kuieleza mashine mabonde na vilima hivyo ni picha ya kijivu.

Namba iliyomo ndani ya kijivu

Picha ya kijivu ni mkusanyiko wa nukta, na kila nukta, yaani pikseli, imebeba namba moja tu. Katika picha ya kawaida ya biti 8 namba hiyo huanzia 0, ambayo ni weusi tii, hadi 255, ambayo ni weupe pe. Programu kama Aspire ya Vectric, au ArtCAM ambayo Autodesk waliacha kuiuza mwaka 2018 na ambayo siku hizi inaendelezwa kwa jina la Carveco, huisoma namba hiyo kuwa kimo. Weupe uko juu, sawa na uso wa bao. Weusi uko chini kabisa. Kijivu kimekaa katikati kwa uwiano. Programu nyingine zina kitufe cha kugeuza mpangilio huo, kwa hiyo kabla ya kazi yoyote tazama kwenye skrini kama kilichotakiwa kuinuka kimeinuka kweli.

Picha haijui milimita. Kina cha mwisho unakiweka wewe, na programu hugawa. Chukua 255, toa namba ya pikseli, gawa jibu kwa 255, kisha zidisha kwa kina ulichoweka. Ukiweka kina cha milimita 8, pikseli ya 255 haiguswi, ya 192 inashuka milimita 2, ya 128 inashuka 4, ya 64 inashuka 6, na ya 0 inafika 8. Kila ngazi moja ya kijivu hapo ni takriban milimita 0.03. Ukiielewa hesabu hii unaweza kuitazama picha yoyote na kujua kisu kitashuka wapi na kwa kiasi gani kabla hujawasha mashine.

Kuna jambo moja ambalo picha hii haiwezi kulibeba kabisa. Kila pikseli ina kimo kimoja, basi. Upenyo wa chini ya sikio, nafasi kati ya pembe na shingo, au jani lililofunika jani jingine kwa chini haviwezi kuandikwa humo, na mashine ya mihimili mitatu isingeweza kuvifikia hata vingeandikwa, kwa sababu kisu chake kinashuka wima. Sehemu hizo utazimalizia kwa mkono, na nitazirudia.

Mwanga si kimo

Hapa ndipo mbao nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kamera hunasa mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Mashine inataka kujua kitu kimeinuka kiasi gani. Hayo ni mambo mawili, na yanapokutana ni kwa bahati. Mchukue pundamilia. Ngozi yake ni laini toka bega hadi paja, lakini ukiigeuza picha yake kuwa kijivu na kuipeleka kwenye mashine, kila mlia mweusi utakuwa mfereji na kila mlia mweupe utakuwa tuta. Twiga atatoka na mashimo mwili mzima mahali penye mabaka. Nyati, kwa weusi wake, atazama mzima chini ya majani makavu aliyosimama juu yake. Ukiwa na wateja wa Katavi, wanyama ndio watakaoombwa kuliko kitu kingine chochote, na karibu kila mnyama wa hifadhi ana rangi ya kuidanganya mashine.

Uso wa mtu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu kazi hiyo huagizwa na familia inayomkumbuka mzazi wao. Mafunzo mengi ya uchongaji wa kompyuta hutumia uso wa mtu mweupe aliyepigwa picha studio, taa ikimwangaza kutoka mbele. Kwenye uso wa namna ile ncha ya pua na paji la uso hung'aa, mashavu yanayorudi nyuma hufifia, na mwanga unakaribiana na kimo kwa bahati tu. Anayejifunza hapo anadhani amepata kanuni. Kisha analetewa picha ya mzee wetu mweusi aliyevaa kofia nyeupe na kanzu. Kofia inapanda hadi usoni mwa bao, kanzu inapanda, meno yanachomoza, weupe wa macho unatoka kama vifungo, na uso wenyewe, huo ambao familia inautafuta, unatumbukia shimoni. Kuongeza mwanga wa picha hakusaidii, maana kofia nayo inazidi kupanda. Kugeuza weusi kuwa weupe hakusaidii pia: uso utainuka, lakini puani penye kivuli patainuka kuliko ncha ya pua.

Rangi za nembo zina mtego wake. Bendera yetu ina kijani, samawati, nyeusi na michirizi ya manjano. Programu ikiigeuza kuwa kijivu, manjano inapanda juu ya vyote na nyeusi inakuwa korongo, ilhali kwenye kitambaa vyote viko sawa. Ukiombwa Ngao ya Taifa kwa ajili ya ofisi, usianze na rangi zake kabisa. Jiulize kipi kiko mbele ya kipi: watu wawili wa pembeni, pembe za ndovu, ngao, kisha mkuki, shoka na jembe juu ya ngao, kisha mawimbi, na mlima chini. Upe kila kimoja kijivu chake kulingana na nafasi yake. Kumbuka pia kwamba matumizi ya nembo hizo yanasimamiwa na Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971, kwa hiyo kazi ya namna hiyo ichukue kwa barua ya ofisi inayohusika.

Kuchora ramani ya kimo

Picha unayoipeleka kwenye mashine ichukulie kuwa ramani ya kimo ambayo umeichora wewe. Picha ya mteja iwe ya kutazamia tu.

Kabla ya kufungua kompyuta, toa mfukoni sarafu ya shilingi 200 na uiweke chini ya mwanga wa pembeni. Simba waliomo wamejaa, wana vifua na manyoya, lakini ukipitisha ukucha utagundua wameinuka kidogo sana. Mchongaji wa sarafu hakugawa kimo kwa vipimo vya mnyama halisi. Alitumia sehemu kubwa ya kimo alichonacho mahali jicho linapotazama kwanza, akabana sehemu nyingine zote. Nakshi ya mlango wa milimita 8 inataka akili hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa kiboko. Tuseme anatazama mbele, kichwa kimetoka majini, mgongo unaonekana nyuma, na unataka paneli ya milimita 600 kwa 400. Fungua GIMP, programu isiyolipiwa, weka picha ya mteja kama tabaka la chini, na juu yake anza matabaka mapya, kila sehemu ya mwili tabaka lake. Maji yajaze kijivu cha 50. Mgongo, ulio mbali zaidi, upe 90 katikati na ushuke hadi 55 pembezoni pale unapoingia majini. Masikio yape 130. Paji la uso na vinundu vya macho vikae 165 hadi 180. Halafu pua, ile sehemu pana ya mbele iliyo karibu nasi kuliko zote, ipande hadi 245. Matundu ya pua usiyapake weusi. Kwenye picha ya kamera ni meusi tii, lakini kwenye mbao ni vibonyeo vidogo juu ya kilima, kwa hiyo yashushe namba 25 au 30 chini ya sehemu inayoyazunguka. Jicho nalo ni hivyo hivyo: mboni haina kimo tofauti na jicho, kope ndiyo yenye kimo.

Ona ulivyogawa. Kutoka mgongoni hadi majini umetumia ngazi 40 tu, na kichwani umetumia zaidi ya 100. Umebakiza 255 kwa fremu ya pembeni, ili fremu ibaki kwenye uso wa bao na pua isikwaruzwe mtu anapoegemea mlango. Umeiacha sehemu ya chini ya 50 bila kazi, na hilo ni sawa; ukitaka kina chote kitumike, nenda Levels uinyooshe mwishoni.

Baada ya kupaka vijivu bapa, vichwa vya sehemu ni tambarare na kingo ni kuta. Kabla ya kulainisha, badilisha picha iwe ya biti 16, yenye ngazi 65,536 badala ya 256. Fanya hivyo kabla na si baada, kwa kuwa kulainisha ndiko kunakozaa vijivu vya katikati, na vikizaliwa ndani ya biti 8 havina pa kukaa. Kisha tumia Gaussian Blur tabaka kwa tabaka: nyingi kwenye mgongo ili uwe wa mviringo, kidogo kwenye macho, na pikseli 1 au 2 kwenye kila ukingo. Ukingo ambao weupe umegusana na weusi moja kwa moja ni ukuta wima, na kisu chenye ncha ya duara hakiwezi kuusimamisha. Kitauumauma na kuuacha na nyuzi zilizopasuka.

Biti 16 zina faida gani ikiwa ngazi ya biti 8 ni milimita 0.03 tu? Tazama mgongo wa kiboko ambao unashuka ngazi 10 katika urefu wa milimita 100. Kila ngazi itakuwa na upana wa milimita 10, na ukipaka vanishi ya kung'aa, mwanga wa dirishani utaionyesha mistari ile kama matuta ya shamba la mpunga. Kwenye nakshi yenye vitu vingi vidogo huioni. Kwenye mashavu, migongo na maji yaliyotulia utaiona.

Kama mchoro wa mkono unakushinda, kuna njia mbili nyingine. Ya kwanza ni umbo la pande tatu. Ndani ya Blender, ambayo nayo haina malipo, weka umbo la mnyama, mtazame kwa kamera isiyopunguza vitu vya mbali, na uiamuru programu itoe picha ya umbali badala ya picha ya mwanga. Hiyo ni ramani halisi ya kimo. Badilisha mpangilio wa rangi uwe Raw, la sivyo programu itazipindisha namba za katikati ili zipendeze machoni. Njia ya pili ni programu za akili mnemba, kama MiDaS na Depth Anything, ambazo hukadiria umbali kutoka kwenye picha moja ya kawaida. Zinasaidia kwa uso wa yule mzee wetu, kwa sababu hazichanganyi weusi wa ngozi na umbali. Ila zinapima mandhari yote, na ukuta ulio nyuma yake unakula sehemu kubwa ya kijivu, uso wenyewe ukabaki na ngazi chache. Kata mandhari, nyoosha uso peke yake, kisha chukua brashi urekebishe pua, midomo na kope kwa mkono. Ukiipeleka ilivyotoka, mzee atafanana na mtu yeyote.

Faili lenyewe

Mwambie mteja akutumie picha kama dokumenti. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana, na ubanaji wa JPEG hugawa picha katika vijiraba vya pikseli 8 kwa 8. Machoni huvioni, ila kisu kinavichonga vyote, na mgongo wa mnyama unatoka na ngozi ya mamba. Ramani yako ya kimo hifadhi kama PNG au TIFF, kamwe isiwe JPEG.

Ukubwa wa picha uamue kwa hatua ya kisu. Kama mistari ya kisu itapishana kwa milimita 0.3, paneli ya milimita 600 inahitaji pikseli 2,000 kwa urefu huo. Zaidi ya hapo unaipa kompyuta mzigo bila faida. Chini ya hapo pikseli zenyewe zitaonekana kwenye mbao.

Bao la kupimia

Kabla ya kugusa mninga, chukua kipande cha paini, tengeneza picha yenye miraba tisa ya milimita 25, na uipake namba 255, 224, 192, 160, 128, 96, 64, 32 na 0. Weka kina cha milimita 8 na uchonge kwa kisu cha kichwa bapa. Pima kila mraba kwa kalipa. Kila mraba unapaswa kushuka takriban milimita 1 kutoka ule wa kabla yake.

Ukikuta mraba wa 0 una milimita 8 sawasawa lakini ule wa 128 una 6 na ushei badala ya 4, tatizo liko kwenye programu: mahali fulani njiani imeichukulia picha kuwa ya mwanga na kusogeza namba za katikati. Ukikuta yote imezidi au imepungua kwa uwiano uleule, tatizo liko kwenye mashine, na unarekebisha hatua za mhimili wa wima. Ukikuta upande mmoja wa bao umeshuka kuliko mwingine, meza haijanyooka. Kipande kimoja cha mbao kinakujibu maswali matatu ambayo kwenye mlango yangekugharimu mlango.

Mbao

Mninga unachongeka vizuri kwa sababu hausinyai sana na hauna pupa ya kupinda. Mkurungo ni mzito zaidi na unakula kisu, kwa hiyo punguza mwendo. Chagua kiini, uache kile cheupe cha pembeni: rangi mbili kwenye bao moja zinavuruga vivuli, na jicho la mtazamaji litadanganyika kama kompyuta ilivyodanganywa na pundamilia.

Mbao ikauke hadi unyevu wa asilimia 12 au karibu na hapo. Iliyopasuliwa masika, kati ya Novemba na Aprili, usiichonge hata ikionekana kavu kwa nje. Nakshi hutoa nyama upande mmoja tu, na upande huo ndio utakaopumua haraka; bao bichi litajikunja wiki mbili baada ya mteja kulipachika. Kwa kina cha milimita 8, anza na bao lisilopungua milimita 20 baada ya kuranda. Paneli pana iunganishe kwa gundi kutoka vipande vyembamba, ukigeuzageuza mwelekeo wa pete.

Nunua mbao zenye nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na stakabadhi zake, na ukisafirisha kazi nje ya wilaya uwe na hati zinazotakiwa. Miti ya jamii ya Pterocarpus ya Afrika, ambamo mninga na mkurungo imo, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 2022, mkurungo ukiwa umetangulia 2019. Mgeni wa hifadhini akitaka kuondoka na nakshi yako, mwelekeze TFS kabla hujapokea malipo.

Kukata

Funga bao, kisha uliparuze lote kwa kisu kipana ili uso wake uwe sambamba na mwendo wa mashine. Weka sifuri ya wima baada ya kuparuza. Sifuri hiyo ndiyo weupe wako wa 255. Ikikosewa kwa milimita 1, nakshi yote imekosewa kwa milimita 1.

Kazi inakwenda kwa visu viwili. Cha kwanza ni cha kichwa bapa cha milimita 6, kinachotoa nyama nyingi kwa tabaka za milimita 2.5 na kubakiza nusu milimita juu ya umbo. Cha pili ni cha kichwa cha duara cha milimita 3, kinachopita mara moja tu juu ya umbo lote, mstari kwa mstari, kwa kufuata nyuzi za mbao. Kwa mninga, spindeli ya mizunguko 18,000 kwa dakika na mwendo wa milimita 2,000 hadi 2,500 kwa dakika ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukisikia kisu kinalia na vumbi limekuwa unga wa kahawia ulioungua, ongeza mwendo au punguza mizunguko. Kila ukibadilisha kisu, gusa sifuri upya.

Hatua ya pembeni ndiyo inayoamua muda na ulaini. Kisu cha duara huacha tuta dogo kati ya mstari na mstari, na kimo cha tuta hilo ni hatua mara hatua, gawanya kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kisu. Kwa kisu cha milimita 3 na hatua ya 0.6, tuta lina milimita 0.03. Kwa hatua ya 0.3 lina chini ya 0.01. Umepunguza hatua nusu, matuta yamepungua mara nne, ila muda umekuwa maradufu. Kwa paneli yetu ya 600 kwa 400, hatua ya 0.3 ni mistari 1,333, jumla ya mita 800 za safari; kwa mita 2 kwa dakika hiyo ni saa 6 na dakika 40. Hatua ya 0.6 ni saa 3 na dakika 20. Mashine hupunguza mwendo kwenye miinuko, kwa hiyo ongeza juu ya hapo kabla hujamtajia mteja bei. Maoni yangu: kwa mnyama mwenye ngozi ya kukunjamana kama kiboko au ndovu, 0.5 inatosha na msasa utamaliza. Kwa uso wa mtu usishushe ubora, nenda 0.3.

Saa 6 za kazi mfululizo ni nyingi kwa umeme wetu. Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilisubiriwa kwa hamu kubwa. Hata hivyo, hakuna mji wenye gridi ambako umeme haukatiki. Ligawe faili la kumalizia katika vipande vinne, kila kimoja na eneo lake, vipishane milimita 2. Umeme ukikatika unapoteza robo. Weka alama za sifuri ya pembeni kwenye meza, nje ya bao, ili uweze kurudi mahali palepale. Vidhibiti vingi vya mkononi huhifadhi mstari vilipokomea na kukuruhusu kuendelea. Jifunze kitufe hicho siku ambayo huna kazi ya mtu mezani.

Kuhusu UPS kuna hatari ambayo fundi lazima aijue. Ukiunganisha UPS kwenye kompyuta na kwenye injini za mihimili, huku spindeli iko kwenye umeme wa ukutani, umeme ukikatika spindeli inasimama lakini mihimili inaendelea kutembea. Kisu kisichozunguka kitaburutwa ndani ya mbao hadi kivunjike au kihamishe bao. Kompyuta peke yake ndiyo iwe kwenye UPS. Injini na spindeli ziwe kwenye laini moja, zisimame pamoja.

Vaa barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua, na nakshi ya kijivu hutoa vumbi laini kuliko kazi nyingine zote za karakana. Feni ya kufyonza vumbi inunue pamoja na mashine, kabla hata ya visu vya akiba.

Mkono

Mashine ikimaliza, umepata umbo. Chukua bobari ndogo na patasi kali, uingie chini ya masikio ya kiboko ukayafungue, milimita 2 au 3 tu. Kivuli kinachoingia pale hakuna kijivu kinachoweza kukiandika, na sikio litaonekana limetoka kwenye mbao. Fanya vivyo hivyo chini ya kope na pembeni mwa midomo. Matundu ya pua yatie ukali kwenye ukingo wa juu, yaache laini chini. Hapa ndipo fundi aliyeanza na nyundo na patasi anamwacha mbali aliyeanza na kompyuta, na ningependa kila karakana yenye CNC iwe na angalau mtu mmoja wa namna hiyo.

Msasa uwe wa 180 kisha 240, kwa kufuata nyuzi, na mkono mwepesi juu ya pua na macho. Sehemu zilizo juu ndizo zinazolika kwanza. Vumbi litoe kwa brashi. Paka sila, kwangua, kisha vanishi isiyong'aa. Ya kung'aa inaonyesha kila tuta na inarudisha ule mng'ao uliotusumbua kwenye picha.

Faili lenye matabaka lihifadhi, pamoja na kina, kisu na hatua uliyotumia. Jirani wa mteja wako atakuja kutaka kiboko huyohuyo kwenye kichwa cha kitanda cha 6 kwa 6. Usikuze picha ya mwisho. Rudi kwenye matabaka, ongeza pikseli, lainisha upya, na kina usikikuze kwa uwiano wa upana: paneli mara tatu kwa ukubwa itapendeza kwa milimita 12, na ukiipa 24 itabidi ununue bao la inchi mbili ili kulitupa nusu kwenye vumbi.